Vidole Vitangulie, Shahada Ifuate

Alasiri moja ya mwezi wa Agosti, zikiwa zimesalia siku chache vyuo vikuu vifunguliwe, ndugu yangu mkubwa alinijia nyumbani mjini Kisii akitoka kwake Kebirigo, kaunti ya Nyamira. Aliandamana na bintiye, naye binti alikuwa na bahasha mbili mkononi. Baada ya maamkizi na chai, bahasha zile ziliwekwa mezani mithili ya vielelezo mahakamani. Ya kwanza ilikuwa na barua ya kumwita katika chuo kikuu kimoja cha umma asomee shahada ya muziki. Ya pili ilikuwa na fomu ya kujiandikisha kwa masomo ya fidla katika chuo kimoja cha muziki jijini Nairobi, chuo kisichotoa shahada, kazi yake ikiwa ni kuwanoa wapigaji.

"Baba mdogo," binti alianza, "mimi nataka kupiga. Sitaki kuandika insha juu ya wanaopiga."

Babake akacheka kicheko kisichokuwa na furaha. "Daktari, mwambie mwanao. Niuze majani chai nimsomeshe kitu ambacho watu hukifanya bure harusini?"

Sikumjibu upesi. Ndugu yangu huyu, mtu wa kusema muziki hufanywa bure, bado ana kabati lililojaa kanda za marehemu Christopher Monyoncho, mwana wa Gusii aliyeimba kwa gitaa kwa lugha yetu, na kila kanda aliinunua kwa pesa taslimu. Hata hivyo hofu yake ilikuwa ya haki. Mzazi anayetegemea bonasi ya chai hana pesa za kufanyia majaribio. Akikosea mara moja, kosa hilo hulipwa na watoto wote waliosalia nyumbani.

Naleta kisa hiki gazetini kwa sababu si cha nyumba moja. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Kisii au Nyamira aliyependa muziki hakuulizwa aende wapi, kwani aliambiwa tu aache upuzi. Sasa mambo yamegeuka. Mtaala wa umilisi umewapa wanafunzi wa shule za upili za juu njia tatu za kufuata, na mojawapo ni ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo kufika Gredi ya 10 ni wa mwaka wa 2026. Maana yake ni kwamba watoto wetu wataanza kuchagua muziki wakiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi, na walimu wao wataulizwa swali lile lile nililoulizwa mimi sebuleni: baada ya shule, mwanamuziki afunzwe wapi? Katika konsavatori, yaani chuo cha utendaji, au katika chuo kikuu?

Nitautaja msimamo wangu mapema nisimzungushe msomaji. Naamini vidole hutangulia na shahada hufuata. Anayekwenda chuo kikuu akitumaini kwamba huko ndiko atakakofanywa mpigaji atasikitika, na anayekwenda konsavatori akitumaini kwamba huko ndiko atakakopewa kazi ya serikali atasikitika vile vile. Lakini uchungu mkubwa zaidi ni wetu sisi jamii, tulioutenga mkono na kichwa hata tukaanza kudhani ni lazima mtu achague kimoja.

Mimi ni mtu wa lugha, na mtu wa lugha akikwama huyaendea maneno akayauliza yalikotoka. Neno konsavatori lilizaliwa Italia, na asili yake ni kitenzi cha kuhifadhi. Katika jiji la Naples, karne ya 16, nyumba za kuwahifadhi mayatima ndizo zilizoitwa kwa jina hilo, na ile ya Santa Maria di Loreto ilianzishwa mwaka wa 1537. Mayatima walihitaji kazi ya kuwalisha, nao wakafunzwa kuimba na kupiga ala ili wapate ujira. Ufundi wao ulivuma kiasi kwamba hata watu wenye uwezo wakaanza kuwapeleka watoto wao huko kwa malipo. Baadaye Paris ilianzisha konsavatori yake mwaka wa 1795, na London ikapata chuo cha namna hiyo mwaka wa 1822. Kwa hiyo tangu mwanzo konsavatori ni mahali pa mtoto, pa mkono na pa chakula. Ndugu yangu angeshangaa kusikia kwamba nyumba anayoiogopa ilianzishwa ili maskini wapate kula.

Chuo kikuu nacho kina nasaba nyingine. Neno la Kilatini walilolitumia Wazungu, universitas, lilimaanisha chama, ule umoja wa walimu na wanafunzi waliokutana katika miji kama Bologna kusoma na kujadiliana. Nasi tulipotafuta jina tulichukua neno chuo, ambalo kwa Waswahili wa pwani lilikuwa na maana ya kitabu, na pia mahali pa kusomea Kurani. Basi kwa Wazungu na kwetu pia, chuo kikuu ni nyumba ya kitabu na ya hoja. Kinakufunza kuuliza kwa nini, na kuijua kwa nini si sawa na kuijua namna gani.

Hata hivyo Kiswahili kina neno lililoyapita yote mawili, nalo ni fundi. Kitenzi cha kale funda kilitupa fundi, kikatupa funza, kikatupa mwanafunzi. Kwa mujibu wa lugha yetu, mwanafunzi na fundi ni wa ukoo mmoja, na mmoja huzaliwa na mwenzake. Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho na azuru Tabaka, huku kwetu Kisii, ambako jiwe la sabuni huchimbwa na kuchongwa. Mtoto haanzi kwa kupewa patasi. Huanza kwa kusugua kwa msasa na maji kile kilichochongwa na wakubwa wake, na kwa kusugua mkono wake huyajua maumbo kabla ya akili yake kuyapa majina. Tabaka ni konsavatori isiyokuwa na kibao langoni.

Sasa tuje kwa taasisi zenyewe, maana uchaguzi haufanywi kwa nasaba za maneno pekee. Kenya Conservatoire of Music ilianzishwa Nairobi mwaka wa 1944, enzi za ukoloni, ikiitwa wakati huo ya Afrika Mashariki. Fahari yake ni somo la ana kwa ana, mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, mbele ya kinanda au fidla. Huwaandaa wanafunzi kwa mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoundwa mwaka wa 1889, yenye viwango vinane vya utendaji kuanzia cha kwanza hadi cha nane. Mtu hupanda ngazi hizo kwa mazoezi, na umri wala alama za KCSE hazimzuii. Mtoto wa miaka minane na mzee wa sitini wanaweza kupishana mlangoni.

Upande wa vyuo vikuu, Chuo Kikuu cha Kenyatta kimelea walimu wengi wa muziki wa shule zetu. Huko ndiko alikofunza George Senoga-Zake, mwandishi wa kitabu cha mwaka wa 1986 juu ya muziki wa jadi wa Kenya. Maseno, iliyo karibu nasi zaidi, ina idara ya muziki na sanaa za maonyesho, na Kabarak pia hufunza muziki. Katika vyuo hivi mwanafunzi husoma nadharia, historia, utunzi, muziki wa Kiafrika na utafiti, pamoja na ala yake. Lakini saa za ala, akiwa peke yake na mwalimu, ni chache zikilinganishwa na rundo la masomo mengine. Hilo si kosa la chuo kikuu, kwani nyumba ya kitabu itafanya kazi ya kitabu.

Wako watakaosema kwamba nchi za wenzetu zimekwisha kuuvuka mpaka huu. Ni kweli kwa kiasi. Konsavatori nyingi za Ulaya sasa hutoa shahada, na huko Marekani Chuo Kikuu cha Indiana kina shule ya muziki inayonoa wapigaji kama konsavatori yoyote. Lakini wanaoingia katika vyuo hivyo hufanyiwa majaribio ya kupiga mbele ya waamuzi, na wengi wao walianza wakiwa na miaka sita au saba. Mlango wao ni mkono pia. Anayeukimbia mtihani wa mkono hapa hataukwepa kwa kuvuka bahari.

Niruhusiwe hapa nisimulie yangu, maana ndiyo yaliyonipa msimamo nilio nao.

Nilisoma shule ya msingi mwishoni mwa miaka ya 1980, katika kijiji kimoja cha Kisii. Ng'ambo ya kijito aliishi mzee mpigaji wa obokano. Kwa asiyeijua, obokano ni ala kubwa ya nyuzi nane, yenye bakuli la mti lililowambwa ngozi, na sauti nzito inayonguruma hata mpigaji akitulia. Ni jamaa ya nyatiti ya Waluo na litungu ya Wabukusu, ila ngurumo yake ni ya chini zaidi. Zamani nyuzi zake zilitokana na kano za mifugo kabla ya nailoni kuingia, na sikio la mwanaisimu halikosi kusikia neno hilo kano likijibu ndani ya jina obokano. Mzee huyo alipokwenda sokoni tulimfuata. Mwalimu wetu mmoja alitucharaza viboko kwa kumfuata, akisema ala ile ni ya walevi na wapagani. Nami nilikuwa mtoto mtiifu, nikaacha.

Miaka ishirini hivi baadaye nilirudi kwa mzee yule yule nikiwa na kinasa sauti. Nilikuwa nikitafiti toni za Ekegusii kwa shahada yangu ya uzamifu. Lugha yetu ni ya toni: maneno mawili yanaweza kufanana herufi kwa herufi yakatofautiana kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu. Nilikuwa na kompyuta iliyonichorea mistari ya sauti, lakini palikuwa na jozi moja ya maneno iliyonishinda. Mashine ilionyesha tofauti ndogo mno, na sikio langu, sikio la Mgusii aliyesomea ugenini, halikuwa na hakika. Nilimsomea mzee maneno hayo. Akaichukua obokano, akachapa uzi mmoja, kisha wa pili, akaniuliza, "Ni hii, au ni hii?" Tatizo lililonichukua wiki tatu alilimaliza kwa vidole viwili.

Nilipata shahada yangu. Mzee aliaga dunia baada ya hapo, akiwa ameniachia saa kadhaa za sauti yake katika kanda. Naweza kumweleza msomaji toni zilizomo katika kila wimbo wake na namna nyuzi zinavyoyafuata maneno. Lakini nikipewa obokano sasa hivi siwezi kupiga hata wimbo mmoja. Mwanawe, ambaye amezirithi nyimbo zile mkononi, hawezi kuajiriwa kumfunza mtoto yeyote katika shule yoyote ya umma, kwa kuwa hana cheti. Mimi nina karatasi bila mkono, yeye ana mkono bila karatasi, na baina yetu sisi wawili mtoto wa shule ya jirani hapati chochote. Huo ndio uchungu niliousema hapo juu.

Si lazima iwe hivyo, na ushahidi tunauimba sisi wenyewe. Mwaka wa 1963 Kenya ilipohitaji wimbo wa taifa, sauti yake ilitolewa katika wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, ulioletwa na Mzee Meza Morowa Galana. Kisha jopo la watu watano, Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na huyo Senoga-Zake, wakaushughulikia hadi ukawa kama tunavyoujua. Mkono ulitoka Mto Tana, kalamu ikatoka darasani, na hakuna upande uliomwona mwenzake kuwa mshamba au mdandia. Omondi mwenyewe aliendelea hadi akapata shahada ya uzamifu mjini London mwaka wa 1980 kwa utafiti juu ya muziki wa nyatiti. Ala ya kijijini ikaingia chuo kikuu kwa mlango wa mbele.

Majirani zetu wa Tanzania nao wamethubutu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka wa 1981, na miongoni mwa waliokijenga ni marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyekuwa bingwa wa zeze na ilimba, ambaye umaarufu wake ulivuka mipaka ya Afrika. Huko mpigaji wa jadi alikuwa mwalimu wa kweli, si mgeni wa kuitwa siku ya tamasha. Zanzibar nako kilizaliwa mwaka wa 2002 chuo cha Dhow Countries Music Academy, kinachofunza udi, kanuni na fidla kwa ajili ya taarabu, kando ya nota za Kizungu. Chuo hicho kimepitia misukosuko ya fedha iliyokaribia kukifunga, kwa hiyo simdanganyi mtu kwamba njia hii ni rahisi. Nasema tu kwamba ipo, na kwamba konsavatori si lazima iwe ya Mozart peke yake.

Basi mwanafunzi afanye nini hivi leo, kabla nchi haijajirekebisha? Namshauri ajiulize maswali matatu, na ayajibu mbele ya mtu atakayemkatalia uongo.

Swali la kwanza: mkono wangu una umri gani? Sikuulizi una miaka mingapi, nauliza ala yako ina miaka mingapi mkononi mwako. Aliyeanza kinanda akiwa na miaka tisa na sasa ana kumi na minane ana mkono wa miaka tisa. Aliyeanza mwaka jana ana mkono wa mwaka mmoja, hata awe na kipaji cha kutisha. Mkono mchanga unahitaji somo la ana kwa ana mara nyingi kwa wiki, na hilo chuo kikuu hakiwezi kulitoa kwa wingi unaotosha.

Swali la pili: nani atanilipa? Anayetaka kufundisha katika shule ya upili ya umma ajue mapema kwamba Tume ya Kuwaajiri Walimu hudai mafunzo ya ualimu na masomo mawili ya kufundishia. Vyeti vya viwango vya ABRSM, hata viwe vyote vinane, havimpeleki huko. Na wengi hawajui kwamba shahada ya muziki isiyo na elimu ndani yake haitoshi pia, sharti iongezewe stashahada ya uzamili katika elimu. Kwa upande mwingine, anayetaka kuishi kwa kupiga hotelini, kanisani, studioni, au kwa kufunza watoto wa watu majumbani, hataombwa shahada na mtu yeyote. Ataambiwa apige, na dakika mbili zitatosha kumwajiri au kumfukuza.

Swali la tatu, ambalo ndilo husahauliwa: fundi wangu ni nani? Usichague jengo. Uliza kwa jina ni nani atakayekufunza ala yako, ni saa ngapi kwa wiki, na wanafunzi wake wa awali wako wapi. Chuo chenye jina kubwa kisichokuwa na mwalimu wa ala yako ni kama kiwanda cha chai kisichokuwa na shamba.

Najua nitakaloambiwa na wazazi. Wataniambia, "Daktari, haya ni maneno ya mtu mwenye mshahara." Nalikubali shutuma hilo. Mtoto wa tajiri wa Nairobi hulipiwa masomo ya kinanda tangu utotoni, kisha akachagua shahada anavyotaka. Mtoto wa Nyamira huanza kuona nota akiwa shuleni, ikiwa shule yake ina mwalimu wa muziki. Ndiyo sababu nakataa kumwambia mtoto huyu aitupe barua ya chuo kikuu. Kwa familia isiyokuwa na akiba, shahada ni paa, na mtu hatoki nje ya paa mvua inaponyesha. Nasema tu kwamba paa si chakula. Akiingia chuo kikuu aingie akijua kwamba mkono wake ni jukumu lake, na kwamba konsavatori si adui wa chuo kikuu bali ni mlango wa pili. Mtu anaweza kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Nairobi au viungani mwake, na wakati asipokuwa na vipindi akalipia somo la ala. Wako waliofanya hivyo, nao hawajutii.

Nitaambiwa pia na wasomi wenzangu kwamba nadunisha nadharia. La hasha! Bila chuo kikuu, toni zile za mzee wangu zingekuwa zimezikwa naye. Mkono husahau pindi mwenyewe anapokufa, na kitabu hukumbuka. Lakini kitabu hukumbuka kile tu ambacho mkono ulikifanya kwanza. Siku obokano ya mwisho itakapotundikwa ukutani, wataalamu wa obokano tutabaki tukinukuliana sisi kwa sisi.

Kwa walimu wa Kisii na Nyamira, nina ombi. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu mwaka wa 1927, na kila mwaka shule zetu huandaa nyimbo na ngoma za Wagusii kwa ajili yake. Aghalabu mpigaji wa obokano huitwa wiki chache kabla ya mashindano, akawafunza watoto mapigo ya wimbo mmoja, akalipwa nauli na soda, akaenda zake. Kombe likipatikana huwekwa ofisini mwa mwalimu mkuu. Aitwe basi muhula mzima. Akae na watoto sita tu, kila Ijumaa, awe na mwalimu wa muziki kando yake anayeandika. Mmoja atatoa mkono, wa pili atatoa kalamu, na baada ya miaka minne watoto wale watakwenda popote wapendapo wakiwa na vyote viwili. Kijana kama mshairi Grandmaster Masese amekwisha kuonyesha kwamba obokano inaweza kupanda jukwaa la kisasa pasipo kuona haya.

Na kwa serikali zetu mbili za kaunti, ombi langu ni dogo kuliko uwanja wa michezo: nyumba moja ya muziki, iwe Kisii au Nyamira, ambamo mpigaji wa jadi atapimwa kwa upigaji wake na kupewa cheti kitakachotambuliwa na shule. Tukiweza kumpima dereva kwa kuendesha gari, kwa nini tusimpime mpigaji kwa kupiga?

Narejea sebuleni kwangu. Nilimwomba binti ajibu yale maswali matatu. Ilibainika kwamba fidla ameishika mara tatu tu maishani. Mkono wake wa kweli ulikuwa kwenye kinanda cha kanisa, na ulikuwa na umri wa miaka tisa. Fidla ilikuwa ndoto aliyoipata kwenye video. Alilia kidogo, kisha akacheka. Babake alinyamaza muda mrefu, akaniuliza somo moja la kinanda Nairobi ni shilingi ngapi. Nilipomtajia, akapiga hesabu kwa vidole na kusema, "Bonasi ikija Oktoba, nitamlipia muhula mmoja. Tuone."

Alikwenda chuo kikuu. Ni mapema mno kusema atakuwa nani, na sitamtabiria. Nilimpa sharti moja tu kama baba yake mdogo, kwamba kila likizo ndefu avuke kile kijito aketi na mwana wa yule mzee. Anakwenda. Juzi alinipigia simu akilalamika kwamba vidole vimemchubuka na kwamba mwalimu wake hataki kabisa kumruhusu aandike lolote kabla hajaweza kulipiga.

Mwalimu huyo bado hana cheti. Binti ya ndugu yangu ndiye mwanafunzi wake wa kwanza kutoka chuo kikuu.